Sabuni Ikikuwasha, Uliza Kwanza Ilianza Lini

Mwezi haupiti bila mtu kubisha hodi hapa kwangu Kisauni, Mombasa, na kipande cha sabuni ndani ya karatasi. "Shangazi, hii imenichoma." Mara nyingi hata si sabuni yangu. Ameinunua soko la Kongowea au ameletewa zawadi, lakini anajua mimi napika sabuni na anataka jibu. Siinusi kwanza, wala siangalii rangi. Namuuliza ilianza lini. Papo hapo povu lilipogusa ngozi, au ulipojifuta, au kesho yake, au baada ya miezi? Kisha namuuliza ni wapi mwilini, na alioga kwa maji gani.

Majibu hayo hunifikisha kwenye sababu upesi kuliko kusoma lebo nzima, kwa kuwa kila kiambato kina saa yake. Magadi huchoma sasa hivi. Mzio hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu. Ndimu husubiri jua. Zebaki hufanya kazi yake polepole, kwa wiki na miezi.

Kabla ya yote: ikiwa midomo au uso umevimba, mtu anapumua kwa shida, ngozi imetoka malengelenge, au uji wa sabuni mbichi umeingia jichoni, acha kusoma. Aliyevimba au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri. Ngozi au jicho lililoungua lisuuzwe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Usimwage siki juu ya ngozi iliyochomwa na magadi ukidhani utayazima. Siki inachelewesha maji, na maji ndiyo yanayohitajika.

Inachoma papo hapo

Sabuni yoyote ya kweli hutokana na mafuta na magadi makali, yale tunayoyaita kostiki soda. Vikikutana kwa kipimo, vinakulana: kinachobaki ni sabuni na gliserini. Kwa hiyo ukiona Sodium Hydroxide kwenye lebo usiogope, maana yake ni kwamba magadi yalitumika, hayakubaki. Na anayenadi sabuni ya kipande "isiyopitia magadi kabisa" aidha amenunua sabuni ya kuyeyusha ambayo mwenzake aliipika zamani kwa magadi hayohayo, au imetengenezwa kwa sabunishi, yaani visafishaji vya kiwandani visivyo sabuni ya kweli.

Taabu huja magadi yanapozidi. Kila mafuta yana njaa yake. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula karibu gramu 183 za kostiki. Kilo ya mawese hula kama 141, ya zeituni 135, ya ufuta 134. Mpishi mwangalifu hupunguza magadi kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa, kwa hiyo kilo ya nazi huipa gramu 174. Sasa chukua mtu aliyepata kipimo hicho cha nazi kwa rafiki, siku hiyo nazi ghali, akatia kilo ya ufuta badala yake na magadi yaleyale 174. Ufuta utakula 134 na kushiba. Gramu 40 zitabaki ndani ya sabuni zikimsubiri mtoto wa mtu. Makosa haya ndiyo niyaonayo kuliko yote, na hutokea kwa watu wenye nia njema kabisa. Yanafanana na ya wale wanaopima kwa kikombe na kijiko. Magadi hupimwa kwa mizani, gramu kwa gramu. Vilevile, mafuta ya kupikia ambayo lebo yake haikutaja yametokana na nini hayana kipimo cha kuaminika, hata yawe bei nafuu.

Sababu ya pili ni mchanganyiko usiochanganyika. Hapa karafuu huingia kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Mafuta ya karafuu yana yujenoli nyingi, na yujenoli huufanya uji wa sabuni ukaze ghafla. Mpishi anashtuka, anausukuma kwenye kalibu haraka haraka kabla haujawa jiwe, na ndani kunabaki vifuko vya magadi ambavyo havikukutana na mafuta. Kata kipande katikati. Ukiona vishimo vyenye maji maji au chembe nyeupe zinazong'aa, hiyo si ya kuogea. Unga mweupe juu ya uso tu, kama chaki, ni jambo jingine. Ni magadi yaliyokutana na hewa wakati sabuni ikiganda, yakageuka kuwa magadi laini. Hufutika kwa kitambaa chenye maji na hayana madhara.

Kuna jaribio la zamani. Lowesha kidole, sugua sabuni, kisha gusisha kidole hicho kwenye ncha ya ulimi. Sabuni nzuri ina ladha ya sabuni. Yenye magadi hukupiga kama betri. Suuza mdomo mara moja. Kwa sabuni usiyoijua asili yake, ambayo haina jina wala tarehe, usijaribu kwa ulimi; itupe.

Watu huniuliza kama kuiacha sabuni kali iive wiki 6 kutaiponya. Magadi karibu yote huliwa katika siku moja au mbili za kwanza. Wiki 4 hadi 6 za kuiva ni za kukausha maji, kuipa ugumu na kuifanya laini zaidi kwa ngozi. Kipimo kilichozidi gramu 40 hakirekebishwi na kalenda.

Wakati mwingine magadi hayana hatia na manukato ndiyo yanayochoma. Karafuu, mdalasini na mnanaa huwasha ngozi ndani ya dakika chache, hasa kwapani, sehemu za siri na mahali palipotoka kunyolewa. Karafuu tunaipata kwa wingi na bei njema, Unguja na Pemba ziko hapo tu, na mkono wa mtu huwa mwepesi. Kwa kilo moja ya sabuni, gramu 5 za mafuta ya karafuu zinatosha. Katika mafuta ya kupaka yasiyosuuzwa, nusu asilimia ndiyo ukomo. Mdalasini wa gome mimi nimeuacha kabisa.

Kwa wanaopika: magadi ndiyo yanayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya magadi yanaweza kuchemka na kukurukia. Na sufuria zetu za kawaida ni za aluminiamu. Kostiki huila aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto. Mara yangu ya kwanza nilitumia sufuria ya wali; maji yaligeuka meusi, yakafurika povu na moshi mkali, na nashukuru watoto walikuwa madrasa. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito.

Haichomi, lakini ngozi inakakamaa na kupauka

Hili ndilo lalamiko kubwa la Mombasa, na sabuni hubeba lawama isiyo yake yote.

Tuanze na sehemu yake. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ikigeuka sabuni husafisha kwa nguvu na kutoa povu jingi. Nguvu hiyo huondoa na mafuta ya ngozi yako mwenyewe. Sabuni ya nazi tupu iliyobakishiwa asilimia 5 tu ya mafuta itakukausha. Mimi nikiipika ya nazi tupu hubakisha asilimia 20, yaani kilo moja ya nazi naipa gramu 146 za kostiki. Ukichanganya nazi theluthi moja na mawese au zeituni, asilimia 5 inatosha.

Pia sabuni ya kweli ina pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ya 9 hadi 10, na ngozi iko karibu na 5. Hakuna sabuni ya magadi yenye pH ya 5.5. Ukiikamulia ndimu ili kuishusha, asidi ya ndimu itakula sehemu ya magadi na kubakisha mafuta mengi kuliko ulivyokusudia. Vinavyouzwa kwa jina la sabuni vikiwa na pH hiyo ni vya kiwandani, na kwa mtu mwenye ukurutu huenda vikamfaa kuliko hii yangu. Nasema hivyo waziwazi kwa wateja.

Sasa maji. Wengi wetu kisiwani na hata bara tunaogea maji ya kisima, kwa kuwa ya bomba hayaji kila siku, na maji matamu ya mkokoteni tunayawekea kupika na kunywa. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi, na yana kalisiamu na magnesiamu, maana kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Madini hayo hukamata sabuni na kuigeuza utando usioyeyuka. Ndio ule ukoko wa kijivu kwenye karai. Huganda pia kwenye ngozi na nywele, na ukikauka unahisi ngozi imebana na imefanya weupe. Unaongeza sabuni ili upate povu, na utando unaongezeka.

Kulithibitisha hili ni rahisi. Chukua sabuni hiyohiyo, osha mkono wa kulia kwa maji ya kisima na wa kushoto kwa maji matamu au ya mvua, acha ikauke yenyewe. Ikipauka kulia pekee, acha kubadilisha sabuni. Oga kwa kisima ukitaka, lakini kopo mbili za mwisho za kujisuuza ziwe za maji matamu, kisha jipake mafuta ngozi ikingali na unyevu.

Katika maji ya chumvi nazi ina sifa yake: ndiyo mafuta ambayo sabuni yake bado hutoa povu hata kwa maji ya bahari, na mabaharia walijua hivyo zamani. Ile ya zeituni tupu hugoma. Mpishi anaweza pia kusaidia kwa kutia asidi sitriki, ule unga wa ndimu, gramu 10 kwa kila kilo ya mafuta, na kuongeza gramu 6 za kostiki kwa sababu unga huo utakula kiasi hicho. Hugeuka kuwa chumvi inayoyashika madini kabla hayajaishika sabuni.

Vipele vya kesho yake, au keshokutwa

Ikiwa ulioga vizuri Ijumaa, kisha Jumapili ukaamka na vipele vinavyowasha, huo una sura ya mzio. Mwili hujifunza kukichukia kitu polepole, kwa hiyo unaweza kukitumia mwaka mzima kwa amani, kisha siku moja ukakataa. Mtu huniambia "lakini naitumia siku zote", akiamini hilo linaisafisha sabuni. Haliisafishi.

Wa kwanza kushukiwa ni manukato. Kwenye lebo huandikwa neno moja tu, Parfum, na ndani yake mnaweza kuwa na vitu kadhaa. Mafuta ya mimea nayo ni manukato. Yale ya mchaichai na ya maganda ya machungwa yakikaa wazi na joto letu hushika hewa, na yakishaharibika hivyo ndipo huleta mzio zaidi. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka juzi ni ya kutupa.

Wa pili ni sabuni ya maji ya kupimiwa kwenye kibuyu cha plastiki. Hupikwa kwa ungaroli (kitoa povu cha kiwandani) na asidi ya salfoniki, chumvi na rangi, na baadhi ya wapishi humalizia kwa fomalini ili isioze. Ni sabuni ya sakafu na vyombo. Fomalini ni miongoni mwa vileta mzio vinavyojulikana sana kwa ngozi. Tafadhali usimwogeshee mtoto, hata ikinukia waridi.

Wa tatu anakuja na harusi. Hina safi ni ya kahawia inayoelekea uchungwa, na hutaka saa nyingi kushika. Ile nyeusi tii inayokolea kwa muda mfupi ni piko, na piko ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele kwa kipimo maalumu, kuchorea ngozi hairuhusiwi. Nimeona maua ya bi harusi yakivimba na kubaki kama makovu mkononi. Mwili ukishaijua PPD hausahau: miaka baadaye mama huyo akipaka rangi nywele zenye mvi, kichwa na uso huweza kuvimba. Wasichana wadogo ndio hasa nisiopenda kuona wakichorwa piko siku ya Idi, kwa sababu ya safari ndefu iliyo mbele yao.

Kumpata mkosaji, acha vyote mpaka ngozi itulie. Rudisha kimoja kimoja. Mafuta ya kupaka yajaribu kwenye kikunjo cha mkono, ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Sabuni usiiache ikauke juu ya ngozi, maana sabuni yoyote iliyoachwa hivyo itawasha. Osha nayo eneo hilo na suuza kama kawaida.

Madoa meusi baada ya jua

Hapa nauliza: ulijisugua na ndimu? Ndimu ina viini ambavyo vikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza. Wekundu au malengelenge huja baada ya siku moja hadi tatu, kisha doa jeusi linalokaa wiki au miezi, mara nyingine kwa umbo la tone lilivyotiririka. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, iliyokamuliwa ndimu, au sukari na ndimu ya kusugulia miguu, itumike usiku na isuuzwe vizuri, na mimi naona afadhali ndimu isiwemo. Maji ya waridi yatalowesha liwa, ule unga wa mti unaonukia, vizuri tu. Kwenye sabuni inayosuuzwa hatari ni ndogo.

Chunusi za uso. Mafuta ya nazi hufaa mwili na nywele. Usoni, kwa wengi, huziba vinyweleo. Acha wiki 4 uone.

Ngozi imekuwa nyeupe upesi mno

Sitaki kulipita hili haraka. Krimu au sabuni inayong'arisha mtu mzima ndani ya wiki mbili haifanyi hivyo kwa mpapai wala kwa maziwa. Kuna vitu vitatu vinavyofanya kazi kwa kasi hiyo: zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki huandikwa kwa majina kama Calomel au Mercurous Chloride, au haiandikwi kabisa. Huingia mwilini kupitia ngozi, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye kuipaka humpakaza mtoto anayemlaza kifuani. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulivizuia vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana hata kizingiti hicho kiondoke, na mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ukawekwa kuwa 2025.

Steroidi mara nyingi ni clobetasol au betamethasone, dawa za daktari, zilizochanganywa kwenye kopo lisilo na jina. Dalili zake ni ngozi nyembamba yenye mishipa inayoonekana, michirizi mapajani, nywele usoni. Ukiacha, uso huwaka moto na kuwa mwekundu, na wengi hurudia kopo wakidhani ndilo dawa yao. Mwanangu, usiaibike. Chukua kopo lenyewe uende nalo kwa daktari wa ngozi akusaidie kuacha.

Sabuni yenyewe ndiyo mgonjwa

Ikitoa jasho, vitone juu yake kama kioo, ni gliserini inayovuta unyevu wa hewa yetu. Haijaharibika. Ifute, iweke juu ya kichanja chenye upepo, usiifunge kwa plastiki mvua zikianza.

Ikiwa na madoa ya rangi ya machungwa na harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyochacha, mafuta yameoza. Alizeti na mengine mepesi huwahi, na chuma chenye kutu huharakisha. Haitakuua, lakini huwasha baadhi ya watu, fulia matambara.

Ikiwa laini na inaacha mafuta mkononi, magadi yalipungua. Hapa Pwani kopo la kostiki lililoachwa wazi hunyonya maji hewani. Unapima gramu 174 huku sehemu yake ni maji. Niliwahi kuuziwa dukani kostiki iliyogandamana kama jabali na kuhakikishiwa ni nzima. Kalibu nne hazikushika. Nunua inayomwagika kama chembe za mchele, hamishia kwenye chombo kinachobana, andika "SUMU", weka juu.

Krimu au jeli ya shubiri iliyoota ukungu hutupwa yote, usichote juu ukabakisha chini. Sabuni ya kipande haihitaji kihifadhi, maana vijidudu haviwezi kustawi ndani yake. Chochote chenye maji, kama shubiri, maji ya waridi au maziwa, kinahitaji kihifadhi halisi. Vitamini E huzuia mafuta kuchacha tu, haizuii ukungu. Bila kihifadhi, fanya kidogo, weka friji, maliza ndani ya wiki.

Wengine huja na wasiwasi wa halali badala ya mwasho. Sodium Cocoate ni nazi, Sodium Palmate ni mawese. Sodium Tallowate ni mafuta ya mnyama, ng'ombe au kondoo kwa kawaida, na Sodium Lardate ni nguruwe. Gliserini na asidi ya steariki huweza kutoka kwenye mmea au mnyama, lebo haisemi, kwa hiyo muulize mtengenezaji.

Na ukimpelekea ndugu yako Nairobi chupa ya mafuta ya nazi, akakupigia simu asubuhi ya Julai kwamba yameganda meupe na umeuziwa bandia, mwambie atulie. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa kwetu joto la mchana huwa juu ya hapo, ndiyo maana tumezoea kuyaona maji. Aiweke chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu na asubiri.